UZI: Mkaa mbadala wa chenga na mabaki ya shambani: vipimo, kalibu, kukausha, na kwa nini mwingi unapukutika jikoni

ChengaTupu

Wakuu, salamu.

Nafungua uzi huu kwa sababu swali linalorudi ni lilelile: "Nimetengeneza mkaa mbadala, kwa nje umekauka, nikiuweka jikoni unapukutika, au hauwaki, au unatoa moshi. Niongeze uji wa muhogo wa kugandishia?" Karibu kila mara jibu ni hapana. Uji unalaumiwa bure. Makosa huwa matatu: mchanga ndani ya chenga, kushindilia kwa mkono mwepesi, na unyevu uliobaki katikati ya kipande. Tuyachambue hapa mpaka yaishe.

Kwanza tujue tunazungumzia kitu gani. Sokoni jina "mkaa mbadala" limebeba vitu viwili. Upo unaotokana na makaa ya mawe, mfano Rafiki Briquettes wa STAMICO, Shirika la Madini la Taifa la Tanzania. Na upo unaotokana na chenga za mkaa wa miti au mabaki ya mimea: magunzi, vifuu vya nazi, maganda ya karanga, pumba. Uzi huu ni wa huo wa pili.

Hesabu yake ni hii. Tanuri la udongo la kienyeji likipewa kilo 100 za kuni kavu hutoa mkaa kilo 10 mpaka 20 tu, basi. Halafu katika mkaa huo, kati ya porini, gunia na genge la muuzaji, asilimia 10 mpaka 15 huishia kuwa chenga ambazo wengi wanazifagilia mtaroni. Mti wake ulishakatwa zamani. Kuzipika chenga hizo ni kuongeza moto bila kugusa mti mwingine.

Vipimo vya kuanzia kwa kalibu ya mkono: chenga kavu zilizochekechwa kilo 10, unga wa muhogo gramu 500, maji lita 6 mpaka 7 kwa jumla.

Chenga zipite kwenye chekeche la milimita 3. Zinazobaki juu zitwange uzirudishe. Usizisage zote zikawa kama masizi. Mchanganyiko unaoshika una punje za ukubwa wa chenga za mchele pamoja na unga wake, maana unga ndio unaojaza nafasi kati ya punje.

Unga wa muhogo ukoroge na lita 1 ya maji baridi mpaka mabonge yaishe. Pembeni chemsha lita 4, mimina ule mchanganyiko huku unakoroga bila kuacha. Sasa angalia rangi: uji utatoka kwenye weupe wa maziwa na kuwa wa kung'aa, unapitisha mwanga kidogo, na ukiinua mwiko unavutika. Hapo wanga umeiva. Uji ambao bado ni mweupe ni unga mbichi uliolowa, haugandishi chochote, hata ukiweka kilo nzima.

Umimine ungali wa moto, changanya kwa beleshi kama dakika 10 mpaka kila punje iwe na mng'ao. Maji yaliyobaki yaongeze kikombe kwa kikombe. Kipimo ni kiganja chako: kamata fumba moja, binya, fungua. Donge likibaki na alama za vidole bila kupasuka, na maji hayachuruziki kati ya vidole, umefika. Likipasuka ongeza kikombe kimoja. Likichuruzika, usiongeze chenga ovyo, litandaze kwenye turubai nusu saa lipunguze maji.

Shindilia siku hiyohiyo. Mchanganyiko ukilala kwenye beseni siku mbili unachacha, na wanga uliochacha umeshapoteza nguvu ya kushika.

---

MtazamajiMpya

Mkuu ahsante. Chenga zinazopatikana kirahisi ni za chini ya magenge ya mkaa, na zimechanganyika na mchanga. Mtu atajuaje zinafaa au hazifai kabla hajapoteza unga?

---

Kalibu3Inchi

Mkuu MtazamajiMpya, hilo ndilo swali la kwanza ambalo wengi wanaliruka. Vipo vipimo viwili, havihitaji maabara.

Cha kwanza ni ndoo. Jaza maji nusu ndoo, mwaga kilo 1 ya chenga, koroga kwa nguvu, acha dakika moja. Mchanga unatua chini papo hapo. Chenga nyingi zitaelea au kuning'inia majini. Engua kwa chujio la kitambaa, halafu mwaga maji taratibu uone kilichobaki chini. Kikiwa kiganja kimoja, unaweza kuendelea. Kikiwa bakuli zima, gunia lote linahitaji kuoshwa namna hiyo, au litafute kwingine. Chenga zilizooshwa zikaushe tena kabla ya kupima kilo 10, la sivyo unapima maji.

Cha pili ni majivu. Chukua gramu 100 za chenga kavu, ziweke juu ya bati au kifuniko cha kopo juu ya jiko linalowaka vizuri, geuzageuza mpaka weusi wote uishe. Pima kilichobaki. Mkaa safi wa miti huacha gramu chache tu, mara nyingi 2 mpaka 5. Chenga zikiacha gramu 20 na kuendelea, ujue sehemu ya tano ya kila kipande utakachotengeneza ni udongo. Moto utafunikwa na majivu kabla sufuria haijachemka, na mpishi atasema mkaa wako ni baridi. Atakuwa amesema kweli.

Mchanga pia ndio unaofanya kipande kipukutike. Wanga unashika vinyweleo vya mkaa, lakini punje ya mchanga ni laini kama kioo, uji hauna pa kushika.

Sasa kalibu. Ya bei ndogo ni kipande cha bomba la plastiki la inchi 3, urefu sentimita 20, kilichotobolewa matundu madogo ubavuni ili maji yatoke. Katikati simamisha nondo ya milimita 12 iliyochomelewa kwenye bati la chini. Kishindilio ni gogo au bomba lenye tundu katikati linalopita kwenye nondo. Jaza mchanganyiko, piga nyundo ya kilo 2 mara 8 mpaka 10, au tumia jeki ya gari ndani ya fremu ya chuma. Jeki ni bora zaidi kwa sababu unaisubiri: ukishafika mwisho, acha mgandamizo ukae hesabu ya 20 kabla ya kuachia. Ukiachia haraka, kipande kinavimba kidogo na kupata ufa wa mviringo kiunoni. Ufa huo hauonekani siku ya kwanza, unaonekana kikishakauka.

Kipande kiwe na urefu wa sentimita 5 hivi. Kile kitundu cha nondo katikati si pambo. Hewa inapita humo, moto unashika ndani na nje kwa pamoja, na kukauka kunakuwa kwa haraka.

Usiyekuwa na kalibu, finyanga kwa mkono madonge yasiyozidi yai la kuku. Donge kubwa la mkono kama chungwa lina kitovu kibichi hata baada ya wiki.

---

Gunzi_Kavu

Naunga mkono hayo ya mchanga. Niongezee upande wa wale wasio na chenga bali wana mabaki ya shamba, maana mikoa ya mahindi magunzi yanaachwa yaoze au yachomwe moto shambani.

Pipa la lita 200 lisilo na rangi ya ndani wala mabati ya zinki. Kabla ya kulikata kwa grinda, kama lilikuwa na mafuta au kemikali yoyote, lijaze maji mpaka karibu na juu ndipo ukate. Mvuke wa mafuta uliobaki ndani ya pipa "tupu" unalipuka kwa cheche moja. Pipa lililobeba dawa za kilimo usilitumie kabisa.

Chini toboa matundu 8 mpaka 12 ya upana wa sentimita 3. Juu ondoa kifuniko, kihifadhi. Simamisha pipa juu ya mafiga matatu, jaza magunzi makavu yanayovunjika kwa sauti. Gunzi linalopinda halijakauka, litakutolea moshi saa nzima bila mkaa.

Simamisha mti katikati wakati wa kujaza, uuchomoe upate uwazi wa kwenda chini. Dondosha moto ndani ya uwazi huo. Moshi mweupe mzito ni maji yanayotoka. Ukigeuka wa njano ni mafuta ya gunzi. Ukipungua na kuwa mwepesi, na magunzi yameshuka karibu nusu ya pipa, funga. Toa mafiga kwa mtaimbo, pipa likae chini, lindika udongo kuzunguka kitako, weka kifuniko na kukandika tope kwenye ukingo. Popote unapoona uzi wa moshi, kandika. Usilifungue mpaka kesho.

Pipa moja la magunzi ni kama kilo 25 mpaka 30, na litakupa mkaa wa gunzi kilo 5 mpaka 7. Ukipata chini ya hapo, uliruhusu hewa, mkaa umegeuka majivu.

---

KifuuMweusi

Gunzi_Kavu, kwa heshima, hapo pa kuwashia chini ningependa turekebishe. Ule moshi wa njano na mweupe unaoachiwa hewani una methani na kaboni monoksaidi. Kama lengo letu ni kupunguza madhara kwa mazingira, hatuwezi kuokoa mti kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukimwaga moshi juu ya majirani.

Washa kwa juu. Pipa ni lilelile, matundu yaleyale ya chini, mafiga yaleyale. Jaza, kisha washa moto wa vijiti juu ya magunzi au vifuu, ukishika sawasawa weka kifuniko chenye tundu la sentimita 15 na bomba la moshi la urefu wa mita moja juu yake, ukiacha uwazi wa vidole viwili kati ya pipa na kifuniko. Hewa ya chini inapanda, tabaka la moto linashuka polepole, na gesi zinazotoka zinaungua pale juu kwenye uwazi kabla hazijatoka. Utaona mwali badala ya moshi. Moshi ukitokea ghafla katikati ya kazi, mwali umezimika, urudishe kwa kijiti chenye moto.

Wakati wa kufunga hauhitaji kukisia. Chungulia matundu ya chini: ukiona wekundu wa makaa umefika pale, tabaka limeshuka lote. Funga mara moja chini na juu. Ukichelewa dakika 10 unaanza kula mkaa wako mwenyewe.

Kwa pwani, vifuu ndio dhahabu yetu. Mkaa wake ni mgumu, majivu machache, na kilo 100 za vifuu vikavu hutoa kilo 25 mpaka 30 za mkaa. Lakini tusichanganye vifuu na makumbi, yale maganda ya nje ya nazi yenye nyuzi. Makumbi yanaacha majivu mengi zaidi na yanashika maji, yaache kwa kamba na kwa kufunika shina la mti. Ugumu wa kifuu ni wakati wa kusaga: kinu cha kutwangia kinafaa kwa kilo chache, kwa magunia unahitaji mashine ya nyundo, na utabadilisha nyundo zake mara kwa mara.

Jambo la usalama: mkaa mpya uliotoka kwenye pipa, wa kifuu au wa gunzi, utandaze wazi siku nzima kabla ya kuutia guniani. Mkaa mpya unavuta oksijeni na kupata joto wenyewe. Gunia lililofungwa jioni linaweza kuwaka usiku likiwa stoo.

---

Gunzi_Kavu

KifuuMweusi nimekubali, ya kuwashia juu ni bora, na alama ya wekundu matunduni ni ya uhakika kuliko kusoma rangi ya moshi. Kwa magunzi nishauri yapangwe, yasimwagwe. Yakimwagwa yanaacha mapango, tabaka linashuka upande mmoja na upande wa pili unabaki na magunzi ya kahawia yasiyoiva. Hayo ya kahawia yachambue yarudi kwenye pipa linalofuata. Yakiingia kwenye mchanganyiko ndiyo yanayotoa ule moshi watu wanaousingizia uji.

---

NyanzaJiko

Hamjambo ndugu zangu, naandika kutoka upande wa Kisumu. Sisi twasema makaa, si mkaa, mtanivumilia.

Huku kuna wazo linalorudi kila mwaka: tutengeneze makaa kwa gugu maji la Ziwa Victoria, tusafishe ziwa na tupike chakula kwa wakati mmoja. Wazo linavutia lakini tulipigie hesabu. Gugu maji bichi ni maji zaidi ya asilimia 90. Kilo 100 ulizozivuta kutoka ziwani zikikauka kabisa ni kilo 5 mpaka 7. Ukizichoma kwenye pipa unabaki na kilo 2 hivi, nazo zina majivu mengi. Umetumia siku nzima ya vijana wanne na turubai kumi. Gugu hilo lipelekwe kwenye mtambo wa biogesi, ambako maji yake ni faida, au kwenye mboji.

Pumba za mpunga nazo zina tatizo lake. Karibu sehemu ya tano ya pumba ni silika, yaani kitu kile kile cha mchanga. Ukizigeuza makaa, silika yote inabaki, na karibu nusu ya makaa hayo ni majivu. Changanya kidogo, robo ya mchanganyiko basi, na chenga au vifuu. Zenyewe peke yake zitakupa donge zuri la kupiga picha na moto dhaifu.

Na mtu asiguse unga wa mbao bila kuuliza mbao zimetoka wapi. Mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa, zile za nguzo za rangi ya kijani, zina aseniki na kromiamu. Mbao zilizopakwa rangi na mbao za kubandika kwa gundi ziache. Ukichoma hizo unampikia mtoto sumu.

---

MtazamajiMpya

Nimejifunza mengi. Maswali mawili. Unga wa muhogo ni chakula, je, hakuna gundi nyingine? Na kukausha: wiki nzima juani, kwa nje pakavu, ukivunja ndani pana weusi wa unyevu.

---

ChengaTupu

La gundi nalijibu mimi.

Gramu 500 kwa kilo 10 ni asilimia 5, si nyingi, na unga wa daraja la mwisho uliojaa nyuzi unafaa. Ukiwa na jeki au mashine ya skrubu unaweza kushuka mpaka gramu 300, kwa sababu mgandamizo unafanya kazi ambayo uji ungeifanya.

Udongo wa mfinyanzi unashika vizuri: kilo 1 mpaka 1.5 kwa kilo 10 za chenga, uloweke usiku mzima uwe kama rojo, chuja mawe. Moto wake ni wa polepole, unafaa maharage na makande, haufai chai ya haraka. Kumbuka kilo uliyoweka ni kilo utakayoizoa kama majivu. Ukiona muuzaji ana vipande vizito kuliko kawaida kwa ukubwa wake, uliza ameweka udongo kiasi gani.

Karatasi zilizolowekwa siku tatu na kutwangwa zinashika, lakini hazijapita kwenye pipa, kwa hiyo dakika za mwanzo zitatoa moshi. Kinyesi cha ng'ombe vivyo hivyo, pamoja na harufu. Molasi inashika sana ila inanyonya unyevu wa hewa, na vipande vilivyokauka vizuri vinarudi kuwa laini msimu wa mvua. Kwa Dar na Tanga nisingeishauri.

Saruji hapana. Kuna wanaoiweka ili kipande kiwe kigumu. Kinakuwa kigumu kweli, lakini saruji haiungui, inaziba hewa tu.

---

Kalibu3Inchi

La kukausha. Kosa ni kuviweka juani saa ile ile vimetoka kwenye kalibu. Ganda la nje linakauka na kujifunga, maji ya ndani yanakosa njia. Au yanalazimisha njia, na hapo unapata nyufa.

Siku ya kwanza kivulini penye upepo. Kuanzia siku ya pili juani, juu ya kichanja cha wavu, si juu ya sakafu wala turubai, ili hewa ipite chini. Viache nafasi ya kidole kati ya kimoja na kingine. Vigeuze asubuhi na jioni. Usiku vifunike, umande unarudisha kazi ya nusu siku. Kiangazi siku 4 mpaka 7. Masika tengeneza banda la nailoni nyeupe, lakini acha uwazi juu na chini. Banda lililofungwa linakusanya mvuke, na siku ya tatu vipande vinaota ukungu mweupe, maana ndani yake kuna wanga.

Usiamini macho wala mkono. Chagua vipande vitatu, vitie alama ya chaki, vipime kila jioni kwenye mizani ya jikoni. Kwa vipimo vya ChengaTupu, kipande cha gramu 150 kibichi kinatua kwenye gramu 95 mpaka 100. Uzito ukikaa palepale siku mbili mfululizo, kimekauka. Ukishuka hata gramu 3, bado.

Kisha kidondoshe kutoka usawa wa bega kwenye sakafu ya saruji. Kikivunjika vipande viwili, sawa. Kikitawanyika, rudi nyuma uangalie mchanga, uji mweupe na mgandamizo, kwa mpangilio huo.

Kwa wanaofikiria mashine ya skrubu, ile inayofanya kazi kama ya kusagia nyama: mchanganyiko wake uwe mkavu zaidi kuliko wa kalibu, na chenga ziwe laini kuliko milimita 3. Ukiweka mbichi, unatoka kama dawa ya meno na kulala chini. Ukiweka mkavu mno, skrubu inapata moto na kukwama. Adui mkubwa wa mashine hiyo ni mchanga uleule, unakula ncha ya skrubu mpaka mgandamizo unapotea bila mwenyewe kujua. Kabla ya kununua, muulize fundi kama ncha imejazwa kwa vijiti vigumu vya kuchomelea na kama inafunguka kurekebishwa. SIDO (shirika la viwanda vidogo) na mafundi wa mitaani wote wanazitengeneza, uliza swali hilo popote utakapokwenda.

---

Kapu_la_Sufi

Wakuu, niruhusuni niingize jambo la jirani kwa sababu linapunguza mkaa wa aina yoyote, uwe wa miti au mbadala. Kapu la kupikia.

Chukua kapu au boksi, tandika ndani sufi, mabaki ya nguo yaliyokatwakatwa, au makumbi yaliyochambuliwa (hayo makumbi mliyoyakataa hapo juu yana kazi hapa). Unene wa kiganja kila upande, chini, na mto wa juu unaofunika kabisa. Sufuria ikae imebanwa, isiwe na nafasi ya hewa.

Maharage yaloweke usiku, mwaga maji, yachemshe kwa moto mkali dakika 20, funika, ingiza sufuria kapuni na mfuniko wake bila kufungua. Saa 3 mpaka 4. Yarudishe motoni dakika 10 na viungo. Hizo dakika za kuchemka mwanzoni msizipunguze hata kidogo: maharage, hasa mekundu, yana sumu inayoharibika kwa kuchemka, si kwa joto la uvuguvugu. Yakiingia kapuni hayajachemka sawasawa yanaumiza tumbo vibaya.

Wali: ukichemka dakika 5, saa 1 kapuni, na maji punguza kidogo kwa sababu hakuna yanayotoka kwa mvuke. Sufuria ndogo iliyojaa nusu haifai, haina joto la kutosha kujitunza, angalau lita 2. Chakula kikipoa chini ya joto la kuchoma kidole, kichemshe upya kabla ya kula.

---

NyanzaJiko

Asante Kapu_la_Sufi. Nami niseme la mwisho kwangu, na naomba lisomwe hata na asiyetengeneza.

Makaa haya yakikauka vizuri hayatoi moshi. Kwa hiyo watu huyaingiza chumbani usiku wa baridi wakidhani ni salama. Kaboni monoksaidi haina moshi, haina harufu, haina rangi. Yaliyotengenezwa kwa chenga yanaitoa kama makaa mengine, na kwa kuwa yanawaka polepole kwa saa nyingi, yanaendelea kuitoa mkiwa mmelala. Kichwa kuuma, kichefuchefu, miguu kulegea: toka nje na umtoe kila mtu, ukiwaacha wengine wakilala hawataamka. Pika penye hewa inayopita, na jiko lisilale ndani ya nyumba hata likiwa limefunikwa na majivu.

---

MtazamajiMpya

Hilo la NyanzaJiko nalipeleka kwa watu wengi. Swali la mwisho: kuuwasha. Wateja wanalalamika hauwaki.

---

ChengaTupu

Hauwaki haraka, na tuwaambie ukweli huo wakati wa kuuza. Kipande kilichoshindiliwa kina nafasi ndogo ya hewa kuliko mkaa wa miti. Vipange vikisimama ili vitundu vya katikati vielekee juu, weka vijiti vikavu au vipande vichache vya mkaa wa miti vinavyowaka juu yake, acha mlango wa jiko wazi wote. Dakika 15 mpaka 20 nje, ndipo sufuria. Vikishashika funga mlango nusu. Na usivichokoe: majivu yanayovifunika ndiyo yanayotunza joto, ukichokoa unavunja kipande na kuangusha makaa mabichi chini ya wavu. Kung'uta jiko taratibu kwa ubavu kunatosha. Jiko banifu la udongo ndilo linalofaa, la bati tupu linapoteza joto pembeni na kipande kinazima.

Kwa wanaotaka kuuzia shule na vituo, mjue mlango uko wazi: agizo la serikali Tanzania lilizitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unalenga asilimia 80 ya wananchi wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Lakini mpishi wa shule hanunui mkakati, ananunua moto. Mpelekeeni namba.

Namba zinapatikana hivi. Jiko moja, sufuria moja, siku isiyo na upepo. Pima gramu 500 za mkaa wa miti, washa, subiri ushike, weka lita 5 za maji ya bomba na mfuniko. Andika dakika za kufika kuchemka na dakika ambazo maji yaliendelea kuchemka mpaka yalipotulia. Pima majivu yakipoa. Rudia na gramu 500 za wako. Kisha gawa bei ya gramu 500 kwa jumla ya dakika za kuchemka, kila upande. Mara nyingi wa miti utatangulia kuchemka na wa chenga utachemsha muda mrefu zaidi, na hapo ndipo unamweleza mteja autumie kwa maharage na si kwa chai.

Mkileta matokeo hapa, lete na gramu za majivu, na useme kama chenga zilioshwa.